Mtoto Hutoka kwa Watu Wawili: Baba Naye Aje Apimwe

Na Mganga Msaidizi, Ziba, Wilaya ya Igunga



Siku moja ya mnada mama mmoja aliingia katika chumba changu cha kupimia. Umri wake ni kama miaka 25. Alikaa kwenye benchi, akafungua pindo la kanga, akaweka mezani vifurushi vitano. Viwili vilikuwa vidonge vya hospitali. Vitatu vilikuwa mizizi iliyotwangwa. Akasema, "Daktari, hizi zote nimekunywa. Huu ni mwaka wa sita sijapata mtoto. Wakwe zangu wamesema mpunga ukiisha kuvunwa nirudi kwetu."

Nikamwuliza, "Mume wako yuko wapi, mayu?"

Akanionyesha dirishani. Mume alikuwa nje, chini ya mwembe, ameshika baiskeli.

"Yeye amekwisha kupimwa?"

Mama akashangaa. "Apimwe nini? Yeye si mgonjwa."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi. Nami siwezi kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi kwa jibu hilo hilo. Nilipotoka chuoni na cheti changu kipya, nilipangiwa zahanati moja mbali na hapa. Akaja mama mwenye shida kama hii. Nilimpa dawa mara ya kwanza, nikampa mara ya pili, nikampa mara ya tatu. Mume wake sikumwita hata siku moja. Niliona haya kumwita mtu mwenye umri wa baba yangu nimwulize mambo ya ndani. Baadaye yule mama alirudishwa kwao na sanduku lake, na wazee wakaanza kudaiana ng'ombe za mahari. Mume akaoa mwingine. Nilipohama kituo kile, huyo wa pili naye alikuwa hajapata mtoto. Nikajua nilikuwa nimetibu mtu mmoja katika ugonjwa wa watu wawili, tena labda nilimtibu yule asiyeumwa.

Kwa hiyo leo nataka tuone jinsi mtoto anavyopatikana ndani ya miili yetu, baba kwa upande wake na mama kwa upande wake. Nitataja viungo kwa majina yake. Majina haya si matusi. Mtu akitaja mkono au ini hatuoni haya, na viungo vya uzazi navyo ni viungo vya mwili. Ukisoma gazeti hili mbele ya watoto, soma tu.

NJIA YA MBEGU ZA BABA

Naanza na baba, kwa sababu yeye ndiye hubaki nje na baiskeli.

Mwanamume ana kende mbili. Zimo ndani ya mfuko wa ngozi unaoning'inia nje ya tumbo. Watu huuliza kwa nini viungo vya maana hivyo vimewekwa nje, mahali pa kuumia. Sababu ni joto. Ndani ya mwili joto ni kama nyuzi 37. Kende haziwezi kutengeneza mbegu vizuri katika joto hilo. Zinataka joto lililo chini kwa nyuzi 2 hadi 4. Ukioga maji ya baridi asubuhi ya Julai utaona ule mfuko umejikunja na kupanda juu. Jua likiwa kali unalegea na kushuka. Mwili wenyewe unapima joto na kuusogeza.

Hapa nina neno kwa akina mama wanaoogesha watoto. Mtoto wa kiume akizaliwa, pima kwa vidole taratibu. Je, kende zote mbili zimo mfukoni? Mara nyingine moja inabaki tumboni. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya kwanza. Mtoto akifika miezi sita na bado haijashuka, mlete. Kende iliyobaki tumboni inaharibiwa na joto, na ukubwani inaweza kupata saratani. Daktari wa upasuaji huishusha, na kazi hiyo hufaa ifanyike mtoto akiwa bado mdogo, karibu na mwaka mmoja. Usisubiri mpaka aoe.

Mvulana akibalehe, kende huanza kutengeneza mbegu. Hutengeneza kila siku mpaka uzeeni. Lakini mbegu moja, tangu ianze mpaka ikomae, huchukua zaidi ya miezi miwili. Kumbuka jambo hili. Mwanamume akipata homa kali leo, mbegu zake zinaweza kupungua kwa miezi miwili au mitatu, kisha zikarudi. Akianza dawa leo, nazo hazionyeshi faida wiki ijayo.

Mbegu zikitoka kwenye kende huingia katika mrija mwembamba. Kila kende ina mrija wake. Mirija hiyo hupanda tumboni, hupita nyuma ya kibofu cha mkojo, na hapo mbegu huchanganywa na maji meupe yanayotoka katika tezi zilizo karibu na kibofu. Mchanganyiko huo ndio manii. Hutoka kwa njia ya uume, njia ile ile ya mkojo, ila si kwa wakati mmoja.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu yangu mwanamume. Manii ya mara moja ni kama kijiko kidogo cha chai. Mbegu ndani yake ni mamilioni mengi, lakini ni ndogo mno, hata zote pamoja ni sehemu ndogo sana ya maji hayo. Karibu maji yote yanatoka kwenye zile tezi. Maana yake ni kwamba mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za kiume, akatoa manii kama wenzake, na kumbe ndani hamna mbegu hata moja. Au zimo chache. Au zimo nyingi lakini haziogelei. Kwa macho huwezi kujua. Kwa nguvu huwezi kujua. Mke wako pia hawezi kujua. Anayejua ni mtu wa maabara mwenye hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo.

Tusidhani kwamba wenzetu wa Ulaya walilijua hili tangu zamani. Mmoja wa watu wa kwanza kuziona mbegu za kiume ni mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Alikuwa na vioo vyake vya kukuzia, akavitumia kutazama kila kitu, na mwaka 1677 akaona katika manii vidudu vyenye mikia vinaogelea. Yai la mama la kiumbe anayenyonyesha lilionekana mwaka 1827, miaka 150 baadaye. Kabla ya hapo watu wa kila nchi walikuwa wanabahatisha tu.

NYUMBA YA UZAZI

Tuje kwa mama. Chukua kibuyu kidogo, ukigeuze mdomo uelekee chini. Hiyo ndiyo sura ya nyumba ya uzazi, ambayo wengine huiita mji wa mimba. Ikiwa haina mimba, ukubwa wake ni kama pera. Ule mdomo wa kibuyu ni shingo ya kizazi, nayo inafungukia katika uke.

Juu, kulia na kushoto, inatoka mirija miwili. Urefu wa kila mmoja ni kama kidole kirefu cha mkono au kuzidi kidogo. Mahali unapoingia katika nyumba ya uzazi tundu lake ni jembamba kama uzi wa kushonea. Mwisho wa kila mrija una nyuzinyuzi kama vidole, na karibu yake kuna kifuko cha mayai. Vifuko ni viwili.

Baba hutengeneza mbegu mpya kila siku, lakini mama ni tofauti. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja au zaidi. Mengi hufa yenyewe kabla hajavunja ungo. Katika maisha yake yote mayai yanayokomaa na kutoka ni kama 400 hadi 500 tu. Yai ni dogo kuliko chembe ya chumvi.

Kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka kwenye kifuko. Vidole vya mrija hulipokea. Wakati huo nyumba ya uzazi imekwisha kutandika, kama mtu anayetandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Ukuta wake wa ndani unanenepa na kujaa damu. Mgeni asipokuja, matandiko yanatolewa nje. Hiyo ndiyo damu ya mwezi. Si uchafu wala si ugonjwa. Mwezi unaofuata nyumba inatandikwa upya.

Watu wengi wanadhani mimba huanzia katika nyumba ya uzazi. Sivyo. Baba na mama wakikutana, mbegu zinaogelea kutoka ukeni, zinapita shingo ya kizazi, zinavuka nyumba ya uzazi, zinaingia mirijani. Kati ya mamilioni, zinazofika huko ni chache mno. Mbegu moja tu ndiyo inayoingia ndani ya yai, na yai linajifunga kuzizuia nyingine. Hayo yote hufanyika ndani ya mrija. Kisha yai lenye uhai linasafiri siku kadhaa kuja katika nyumba ya uzazi, na kama siku ya sita au ya saba linajishika katika matandiko. Ndipo damu ya mwezi hukoma.

Likishindwa kushuka, linaweza kukua mirijani, na mrija ukapasuka. Mama ambaye damu yake ya mwezi imekosa kuja, kisha akashikwa na maumivu makali ya tumbo chini upande mmoja, akasikia kizunguzungu au kuzimia, awahishwe hospitali saa hiyo hiyo. Usimlaze nyumbani usubiri kukuche. Ni damu inayomwagikia tumboni.

Juu ya mtoto wa kike na mtoto wa kiume nitasema kidogo tu. Mbegu za baba ziko aina mbili, karibu nusu kwa nusu. Aina moja ikiingia katika yai mtoto huwa wa kike, aina nyingine ikiingia huwa wa kiume. Mayai ya mama yana aina moja. Kwa hiyo anayemfukuza mke kwa sababu amezaa wasichana watupu anamfukuza kwa jambo lililotoka kwake mwenyewe, tena hata yeye hakulichagua.

SIKU ZA KUPATA MIMBA

Yai likitoka huishi kama siku moja tu. Mbegu za baba zikiwa ndani ya mama zinaweza kuishi mpaka siku tano. Basi mimba hupatikana katika siku tano kabla ya yai kutoka na siku lenyewe linapotoka. Siku nyingine ni kama kumpelekea mtu barua naye kahama.

Yai hutoka lini? Kwa kawaida ni kama siku 14 kabla ya damu ya mwezi unaofuata. Mama ambaye mwezi wake ni siku 28, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu, yai hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye mwezi wa siku 32, hutoka karibu na siku ya 18. Hesabu hii si saa ya ukutani, hucheza kidogo. Kwa wanaotafuta mtoto, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha. Hawana haja ya kuhesabu sana.

Lakini wako wenye shida ya hesabu. Bwana mmoja alikuwa anachunga ng'ombe upande wa mbuga ya Wembere. Alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, anakaa siku nne, anarudi. Miaka miwili wakalalamika. Nilipomwuliza mke wake tarehe za damu, ilikuwa zile zile siku nne. Hakuna aliyekuwa mgonjwa hapo. Nilimwambia bwana abadilishe wiki ya kuja. Sikumwandikia dawa yoyote, naye aliondoka amenuna kidogo, maana alikuwa amekuja tayari kununua dawa.

MIRIJA IKIZIBA

Ugonjwa unaoziba mirija ya akina mama mara nyingi ni wa zinaa, kama kisonono na klamidia. Baba akipata kisonono huwa anaona usaha na kusikia moto anapokojoa, basi anakwenda kutafuta dawa. Mama anaweza asisikie kitu. Wadudu wanapanda taratibu kutoka shingo ya kizazi mpaka mirijani. Ule mrija wenye tundu la uzi unavimba, unapona kwa kovu, kovu linaziba njia. Miaka inapita. Siku anapotaka mtoto, yai halishuki na mbegu hazipandi.

Hata kwa baba wadudu hao wanaweza kuziba mirija yake. Kwa hiyo baba anayekunywa dawa ya kisonono kwa siri bila kumleta mke anafanya makosa mawili. Anamwachia mke ugonjwa, na usiku atauchukua tena.

Mirija iliyoziba ni shida ya dunia nzima. Mama mmoja wa Uingereza, Lesley Brown, alikuwa na mirija iliyoziba. Madaktari wakachukua yai lake wakalikutanisha na mbegu za mumewe ndani ya chombo cha kioo, kisha wakalirudisha katika nyumba ya uzazi. Mtoto wake, Louise, alizaliwa mwezi Julai mwaka 1978, naye ndiye mtu wa kwanza duniani kuanza maisha namna hiyo. Tiba hiyo ni ya gharama kubwa. Naitaja ili ujue kwamba hata huko ilibidi wapate yai la mama na mbegu za baba. Mmoja peke yake hakutosha. Dawa ya kisonono inayotolewa mapema ni rahisi mara nyingi zaidi.

KICHOCHO NACHO

Sasa nafika kwenye jambo la hapa kwetu. Sisi wa Igunga tunalima mpunga katika majaruba, tunachota maji katika malambo, tunanywesha ng'ombe humo humo, na watoto wanaoga humo humo. Tanzania ni nchi ya pili katika Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wenye kichocho.

Kichocho ni minyoo midogo. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo yanaanguliwa. Vidudu vinaingia ndani ya konokono wa majini, vinakua, vinatoka, vinaelea. Ukisimama katika jaruba vinapenya ngozi ya mguu. Huvisikii. Minyoo ikikomaa inakaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, inataga mayai yenye mwiba. Mayai hayo ndiyo yanayochana kibofu na kutoa damu kwenye mkojo. Daktari Theodor Bilharz aliiona minyoo hiyo mwaka 1851 huko Cairo, Misri.

Mpaka hapo wengi mnajua. Jambo ambalo wengi hawajui ni hili. Kibofu ni jirani wa viungo vya uzazi, na mayai ya kichocho hayajui mpaka. Kwa mama yanakwenda katika shingo ya kizazi, katika uke, hata katika mirija. Yanakwama humo, yanafanya vidonda na madoa kama chembe za mchanga. Mama anawashwa, anatokwa na uchafu, anatoka damu baada ya kukutana na mumewe, anasikia maumivu. Anaweza kukosa mimba au mimba ikatoka. Pia vidonda hivyo vinarahisisha virusi vya UKIMWI kuingia. Inakadiriwa kwamba hadi wanawake na wasichana milioni 56 katika Afrika wana kichocho cha namna hii.

Kwa baba mayai yanakwama katika zile tezi za maji meupe. Anaweza kuona damu katika manii, au maumivu, au asione kitu.

Nyumba nyingi zinavunjika hapa. Mke anatokwa na uchafu na damu, mume anasema, "Umetembea nje." Anapewa dawa za zinaa mara nne, haponi, shaka inazidi. Kumbe ugonjwa aliupata akiwa na miaka minane, alipokuwa anachota maji lamboni. Kichocho hakiambukizwi kwa kukutana mume na mke. Hakihusiani na uaminifu wa mtu. Sisi waganga pia tunakosea, tunaandika dawa ya zinaa bila kuuliza mgonjwa ametokea kijiji gani na alikuwa anaoga wapi.

Dawa yake ni prazikwanteli. Kipimo chake hufuata uzito wa mtu, au urefu kama wanavyopima watoto shuleni kwa ule mti wenye alama. Unameza baada ya kula. Inaua minyoo. Makovu ya zamani haiwezi kuyafuta yote, kwa hiyo msimzuie mtoto siku dawa inapogawiwa shuleni, hata kama mwaka jana aliona kizunguzungu. Ale kwanza.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwenye redio, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Shimo la choo linalokaa mbali na lambo bado ni dawa ya kichocho. Konokono hapati kitu kama mkojo haufiki majini. Vijana wanaochunga nawaambia, shuka kwenye kingo, kojoa nchi kavu.

YULE BABA WA BAISKELI

Nilitoka nje mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," ingawa si mzee sana. Nikamwomba aingie. Akasema, "Mwanangu, mimi ni mzima. Nalima ekari tano." Nikamwambia najua ni mzima, nataka tu kuuliza maswali. Alisimama muda mrefu. Kisha akaegemeza baiskeli mwembeni akaingia.

Nilimwuliza juu ya matumbwitumbwi, maana ugonjwa huo ukimpata mwanamume aliyebalehe unaweza kuvimbisha kende na kuharibu mbegu. Hakuupata. Nikauliza juu ya kisonono. Akamtazama mkewe, akasema hapana. Nikauliza juu ya sigara na gongo, kwa sababu vyote viwili hupunguza nguvu ya mbegu. Akacheka. Nikauliza kama amewahi kuona damu kwenye mkojo.

"Ile ya ujana?" akasema. "Tulipokuwa tunachunga sote tuliona. Wakubwa walituambia ndiyo kubalehe kwa mwanamume, kama wasichana wanavyovunja ungo."

Mkewe akasema taratibu, "Mimi pia niliona nikiwa mdogo. Nyumbani walisema ni chango."

Basi mumewe alinyamaza. Nilimpa kichupa cha mkojo saa sita mchana, na mkewe kichupa chake. Matone ya mwisho ya baba yalikuwa na rangi ya chai. Mayai ya kichocho yalionekana kwa wote wawili.

Zamani katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kubeba. Mzigo mkubwa usiogawanyika ulifungwa kwenye mti, wakabeba watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilimwambia yule baba habari hiyo. Akasema babu yake alikuwa mpagazi, na kwamba mtu wa nyuma ndiye haoni njia.

MKITAKA KUJA

Mkikaa mwaka mzima mnakutana bila kuzuia mimba, na mimba haijaingia, njooni. Mama akiwa na miaka 35 au zaidi msisubiri mwaka, njooni baada ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukutana na shida hii katika maisha yake. Na katika ndoa zenye shida hii, karibu nusu baba naye ana sehemu yake.

Njooni wawili. Kama kuna haya, mmoja aje leo na mwingine kesho, lakini waje wote. Mama alete tarehe za damu yake ya miezi mitatu. Ziandike kwenye daftari. Kama hujazoea kuandika, weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Aeleze mimba zilizotoka na homa alizopata baada ya kuzaa. Baba aeleze magonjwa ya ujana bila kuficha. Yanayosemwa chumbani yanabaki chumbani. Habari za hawa wawili nimeziandika kwa ruhusa yao, na mambo machache nimeyabadilisha ili wasijulikane.

Mkojo wa kupima kichocho utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ukija saa 1 asubuhi na kuwahi kuondoka, tunaweza kukuambia huna na kumbe unacho. Lete matone ya mwisho pia, usiyamwage.

Kipimo cha mbegu za baba hakifanyiki zahanati. Hufanyika katika maabara ya hospitali. Watu wa huku huenda Igunga, Nkinga au Kitete kule Tabora. Uliza kwanza siku ya kipimo ili usipoteze nauli. Baba asikutane na mkewe kwa siku mbili hadi saba kabla ya kwenda. Manii hupimwa mabichi, kabla ya saa moja kupita, kwa hiyo hayabebwi kwenye basi kutoka Ziba. Kipimo kikiwa kibaya mara ya kwanza, kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu. Sababu umekwisha kuisoma hapo juu.

Kwa akina mama nina ombi moja. Msiweke mizizi wala sabuni ya unga wala kitu chochote ndani ya uke kwa kutafuta mtoto. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivyo vinaunguza ukuta wake, na vidonda vinaongezeka.

Wale wawili wamemeza dawa. Mama amekwenda hospitali, shingo yake ya kizazi imetazamwa, na zile chembe za mchanga zilionekana. Baba alipima mbegu mwezi uliopita. Zimo, lakini chache. Ameambiwa apime tena baada ya miezi mitatu. Mpunga umekwisha kuvunwa, na mama hajarudishwa kwao. Mume wake ndiye aliyekwenda kuwaeleza wazazi wake matokeo ya kipimo, akiwa na cheti cha maabara mkononi. Nasikia baba yake alikitazama cheti kile muda mrefu, akauliza kama na yeye anaweza kupimwa ile damu ya mkojo.

Nilimwambia aje saa sita mchana.